Ratiba Isiyosema Kweli: Masomo ya Lazima na Mwalimu Asiyekuwapo





Mama mmoja alifika katika ofisi ya parokia akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya wito kutoka ofisi ya kata. Mwanawe wa darasa la tano hakuonekana shuleni kwa muda wa wiki tatu, wakati wa kuvuna alizeti. Mama huyo hakulikana kosa lake. Alieleza tu kwamba shamba lilikuwa limekauka, mumewe yu mgonjwa, na ndege hawamngoji mtu. Kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na miaka yangu yote ya falsafa na teolojia seminarini, sikuwa na jibu lake. “Baba,” alisema, “mimi nimeitwa kwa sababu mtoto hakwenda shule wiki tatu. Mwalimu wa Hisabati hayupo shuleni pale tangu mwaka jana. Yeye anaitwa na nani?”

Kijarida hiki kimeandikwa kwa ajili ya swali hilo. Hatukiandiki ili kumtetea mzazi anayemnyima mtoto shule, wala kumchongea mwalimu, ambaye mara nyingi ndiye mnyonge kuliko wote katika jambo hili. Tunakiandika kwa sababu swali la mama huyu ni swali la haki, na Tume ya Haki na Amani ikinyamaza mbele ya swali la haki, haina sababu ya kuwapo.

1. SHERIA INADAI NINI

Tuanze kwa kueleza mambo yalivyo, maana asiyejua sheria hawezi kuidai.

Sheria ya Elimu, Namba 25 ya mwaka 1978, ilimlazimu kila mzazi kumwandikisha shule mtoto aliyefikia umri wa miaka saba, na kuhakikisha kwamba anahudhuria mpaka amalize. Asiyetimiza wajibu huo anatenda kosa lenye adhabu. Sheria hiyo imerekebishwa mara kadhaa, lakini msingi wake haukubadilika. Tena wajibu umeongezwa: kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya lazima ni ya miaka kumi, yaani sita ya shule ya msingi na minne ya sekondari.

Mtoto akishafika shuleni, atafundishwa nini? Hilo haliachwi kwa hiari ya mwalimu wala ya kijiji. Mtaala ni mmoja kwa Tanzania Bara nzima. Huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, huidhinishwa na Serikali, na shule zote za umma hulazimika kuufuata. Kwa mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, mtoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi sharti afundishwe Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, na mengineyo. Huko sekondari kumewekwa mkazo juu ya Biashara, na mkondo wa amali umeanzishwa kwa ajili ya wale watakaojifunza ufundi na stadi za kazi.

Hatuna ugomvi na orodha hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wa msingi wa watoto wao. Lakini Mtaguso huo huo ulikiri kwamba dola ina haki na wajibu wake katika elimu, kwa kuwa mtoto ni raia pia, na kuna mambo ambayo jamii nzima inayahitaji kutoka kwake na inapaswa kumpatia. Dola inayosema kwamba kila mtoto wa nchi hii, awe wa Oysterbay au wa Mkalama, ajifunze Hisabati, imesema neno la haki. Kasoro inaanza pale neno hilo linapobandikwa ukutani na kuachwa huko.

2. MZIGO UNAOLALIA BEGA MOJA

Ingieni katika shule nyingi za vijijini mwetu, kuanzia Ikungi hadi Itigi, kutoka Iramba mpaka vitongoji vya mbali vya Manyoni. Katika ofisi ya mwalimu mkuu mtaikuta ratiba. Ni karatasi safi, imepigwa mistari kwa rula, na masomo yote yamepangwa kwa siku na saa. Mkaguzi akija ataiona, na ataandika kwamba shule ina ratiba. Kisha tokeni nje mkahesabu walimu. Madarasa ni saba na walimu ni watano. Mmoja yu likizo ya uzazi, mwingine amekwenda wilayani kufuatilia malimbikizo ya mshahara wake. Wanaobaki hugawana masomo kama wafiwa wanavyogawana kazi za msiba: kila mmoja hushika linalomfikia mkononi. Darasa lisilo na mwalimu huandikiwa zoezi ubaoni na kuachiwa kiranja mwenye fimbo.

Shule ya namna hiyo haijavunja sheria. Ratiba imekamilika, na kila somo la lazima limo. Mtoto ameandikishwa, amehudhuria, jina lake limewekewa alama ya vema katika daftari la mahudhurio. Kila kitu kimetimia isipokuwa kimoja tu: hakufundishwa.

Sasa fikirini. Sheria ina makali ya kumpata mama katika shamba lake la alizeti. Ina mtendaji wa kata, ina mgambo, ina baraza na faini. Lakini iko wapi barua ya wito inayoandikwa pale kipindi cha Hisabati kinapopita miezi minane bila mwalimu? Imepelekwa kwa nani? Ameketi katika benchi gani akisubiri kuhojiwa? Sheria moja, jambo moja, mtoto mmoja. Upande wa mnyonge ni amri, na upande wa mwenye nguvu ni ahadi tu. Bwana wetu aliwakemea wakuu waliofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu, huku wenyewe hawataki kuigusa hata kwa kidole. Hakuwakemea kwa sababu mzigo ulikuwa mbaya. Aliwakemea kwa sababu hawakuwa tayari kuubeba pamoja na watu.

Wajibu wa kweli una pande mbili. Mzazi akilazimishwa kumleta mtoto, basi aliyemlazimisha amejifunga kumfundisha. Asipomfundisha, amemchukua mtoto kwa nguvu ya sheria kutoka katika kazi ya baba yake, ambayo angalau ingemfundisha kulima na kuchunga, akamweka mahali asipofundishwa kulima, kuchunga wala kuhesabu. Jambo hilo haliwezi kuitwa elimu ya lazima. Tuliite kwa jina lake: ni kumpotezea mtoto wa maskini wakati wake, kwa amri.

3. HISABATI NA GUNIA LA LUMBESA

Huenda msomaji akasema kwamba tunalikuza jambo dogo. Tutazame basi somo hilo moja la Hisabati, tuone lina uzito gani katika mkoa huu wa alizeti, vitunguu, mtama na kuku wa kienyeji.

Mkulima wa vitunguu anapofunga mavuno yake, mnunuzi humtaka ashindilie gunia mpaka lichomoze kichwa juu na kushonwa kwa kamba kama kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Imekatazwa na sheria ya vipimo, na kila mwaka viongozi huitangazia vita. Kwa nini haishindwi? Sababu ni nyingi, na njaa ni mojawapo. Lakini mojawapo pia ni kwamba mwenye vitunguu hana mzani, na hata akiwa nao hajazoea kuuamini kuliko macho yake. Anauza kwa gunia, mwenzake anakwenda kuuza kwa kilo. Kati ya gunia na kilo kuna hesabu, na katika hesabu hiyo ndimo jasho lake linamopotelea. Mtoto asiyefundishwa Hisabati leo ndiye atakayejaziwa lumbesa kesho. Ndiye atakayetia kidole gumba katika mkataba wa mkopo asiojua riba yake, na kupimiwa alizeti yake kwa debe lililobonyezwa bila kutambua amepunjwa kiasi gani. Kwa maskini, kujua kuhesabu ni ngao.

Nayo hali ya somo hilo nchini yajulikana. Katika mitihani ya kidato cha nne ya miaka ya 2021 na 2022, ni takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya kila watano aliyefaulu Hisabati. Somo ni la lazima kwa wote, na wanne katika kila watano walilishindwa! Mkulima akipanda mbegu tano na nne zisiote, hazilaumu mbegu. Hutazama udongo, mvua na jembe lake mwenyewe.

Wenye kumbukumbu hawajasahau mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa mapema mwaka 2013, watahiniwa kama sita kati ya kila kumi walikuwa wamepata daraja la sifuri. Nchi ilishtuka. Iliundwa tume, matokeo yakafutwa, upangaji wa alama ukarekebishwa, na matokeo mapya yakatangazwa. Tulishukuru kwa ajili ya vijana walionusurika. Hata hivyo, kubadili alama hakukumpeleka mwalimu hata mmoja katika sekondari ya kata ambayo haikuwa naye. Mgonjwa alikuwa na homa, tukarekebisha kipimajoto.

Dhuluma kubwa zaidi imo ndani ya mtihani wenyewe. Mtoto asiyefundishwa hupewa karatasi ile ile anayopewa mtoto aliyefundishwa, na akishindwa, cheti huandika kwamba yeye ndiye aliyeshindwa. Hakuna mahali katika cheti panapoonyesha kwamba hakuwa na mwalimu kwa miaka miwili. Basi kosa la mkubwa limeandikwa kwa jina la mdogo, naye atalibeba jina hilo maisha yake yote, akiamini kwamba alizaliwa mjinga. Ndugu zangu, kumfanya mtu aamini kwamba hana akili, hali ukweli ni kwamba alinyimwa haki, ni kumwibia mara mbili.

4. MAADILI HAYAFUNDISHWI NA UONGO

Katika masomo ya lazima ya siku hizi limo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Wazazi wengi wamelipokea kwa furaha, maana kila mmoja analia juu ya mmomonyoko wa maadili. Nasi tunaunga mkono nia yake. Lakini twaomba tukumbushe historia fupi, kwa kuwa nchi hii si mara ya kwanza kujaribu kufundisha wema kwa amri.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alikuwa mwalimu kwa taaluma, aliyepata kufundisha Pugu, na alijua anachokisema. Alitaka shule zijenge moyo wa usawa, wa kushirikiana na wa kuheshimu kazi. Katika miaka iliyofuata somo la Siasa lilifundishwa kila mahali. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi katika miaka ya mwisho ya somo hilo. Tulikariri misingi ya Azimio la Arusha, tulijua maana ya unyonyaji, na tuliweza kutaja mirija kabla hatujajua kuipima pembe ya mraba. Mengi tuliyofundishwa yalikuwa mema, na mengine yalikaribia sana mafundisho ya Kanisa juu ya jamii.

Kisha, mwaka 1991, Azimio la Zanzibar liliwaruhusu viongozi yale ambayo Azimio la Arusha lilikuwa limewakataza. Mwaka 1992 vyama vingi vilirudi kwa sheria, na somo la Siasa likatoweka katika ratiba, mahali pake pakachukuliwa na Uraia. Sikumbuki mtu yeyote aliyelililia. Kwa nini somo lililofundishwa kwa miaka mingi namna ile liliondoka bila kuacha mjane? Halikuondoka hivyo kwa sababu mafundisho yake yalikuwa mabaya. Watoto walikuwa wamekwisha kuona kwamba kitabu kinasema hivi na maisha ya wakubwa yanasema vile, na mtoto huamini maisha kabla ya kitabu. Samaki hukunjwa angali mbichi, ndiyo. Lakini mkono unaomkunja nao sharti uwe umenyooka.

Somo la Maadili la leo liko katika hatari hiyo hiyo. Mtoto atafundishwa katika kitabu kwamba ukweli na uwajibikaji ni fadhila, na kwamba ahadi ni deni. Atainua macho yake na kuiona ratiba ukutani, ambayo kila siku inasema kuna Sayansi saa tatu, na kila siku saa tatu hakuna Sayansi. Atamwona mwalimu, kwa kuogopa mkaguzi, akijaza katika daftari la maandalio vipindi ambavyo hakuvifundisha. Atapewa maelekezo ya kumwambia mgeni kwamba walifika sura ya sita, hali hawakufika sura ya pili. Mtoto huyo amefundishwa maadili kwelikweli, na amefaulu: amejifunza kwamba serikali, shule na watu wazima husema uongo kwa utaratibu, kwa karatasi safi iliyopigwa mistari kwa rula. Tusishangae miaka ishirini baadaye tukimkuta ofisini, akitia sahihi barabara ambayo haikujengwa.

5. WANAOTUPINGA

Tunazijua hoja zinazotolewa, nasi tutazijibu kwa heshima.

Wapo wasemao: “Nchi ni maskini, na watoto wameongezeka.” Ni kweli. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne, madarasa yakafurika. Tunaipongeza Serikali kwa kuwafungulia maskini mlango. Lakini umaskini si dhambi. Kuuficha ndiyo dhambi. Shule isiyo na mwalimu wa Sayansi na itamke hivyo hadharani. Na iandikwe katika ratiba, kwa herufi kubwa: HAKUNA MWALIMU. Na mkutano wa kijiji uambiwe, na diwani ayasikie hayo mbele ya watu. Umaskini unaosemwa hutafutiwa dawa na watu wote. Umaskini unaofichwa hulelewa.

Wapo wasemao: “Mzazi anayetaka elimu bora ampeleke mtoto katika shule za watu binafsi au za Kanisa.” Maneno haya husemwa hata na Wakatoliki wema, tena wakati mwingine kwa majivuno, kwa kuwa seminari zetu na shule za masista hung’ara katika matokeo. Hebu mwulizeni mama wa alizeti ada hiyo ataitoa wapi. Haki inayonunuliwa imekwisha kuwa bidhaa. Tena watoto wengi mno wa Kanisa katika mkoa huu hawako katika seminari. Wako katika shule ya msingi ya kijiji na sekondari ya kata. Mchungaji anayejisifu kwa kondoo kumi walionona zizini, na kuwasahau mia walioko porini, ameisoma Injili kinyume.

Na wapo wasemao: “Padre, hiyo ni siasa, rudi altareni.” Tunawajibu kwamba altare ile ile hutuagiza kurudi kwa watu. Hatusemi chama gani kichaguliwe, wala hatumtafutii mtu cheo. Tunauliza tu kama alichoahidiwa mtoto amepewa. Ikiwa swali hilo ni siasa, basi manabii wote walikuwa wanasiasa.

6. BORITI KATIKA JICHO LETU

Hata hivyo, hatuwezi kuifunga hoja hii kabla ya kujitazama wenyewe.

Siku chache baada ya kuzungumza na mama yule nilikwenda katika shule moja, nikiwa na ari ya kuhoji. Niliisoma ratiba ukutani, na nikaanza kutafuta vipindi visivyo na mwalimu. Katikati ya masomo mengine nilikuta neno moja lililonisimamisha: DINI. Lilikuwa limepangiwa vipindi viwili kila wiki. Nikamwuliza mwalimu mkuu ni nani anayefundisha watoto Wakatoliki. Akatabasamu kwa adabu, akajibu: “Tulidhani ninyi ndio mnaomleta, Baba.”

Ndugu zangu, tangu siku ile sauti yangu imepungua ukali, lakini nia imekuwa thabiti zaidi. Shule za misheni zilipotaifishwa kwa sheria ya mwaka 1969, Kanisa lilipoteza majengo na uongozi wake, lakini mlango wa kufundisha dini haukufungwa. Kipindi cha dini kilibaki katika ratiba, na kila madhehebu yaliachiwa kuwafundisha watoto wake. Dola yetu haina dini, nayo haikujitwalia kazi hiyo. Ilituachia nafasi na saa. Ni sisi tulioiacha saa hiyo ipite bure. Tuna fedha za kupaka rangi ukumbi wa parokia, tuna sare za kitenge kwa kila sikukuu, lakini katekista wa kigango hana baiskeli ya kumfikisha shuleni kilomita saba, wala posho ya kumpatia mkewe chumvi. Kisha Jumapili tunasimama mimbarini kulalamika kwamba vijana hawajui hata Amri Kumi.

Kipindi cha Dini kisicho na katekista ni uongo ule ule wa kipindi cha Hisabati kisicho na mwalimu. Tofauti ni hii tu: ule wa kwanza ni wetu. Tukitaka kuidai Serikali ukweli wa ratiba, tuanze na mistari miwili iliyo mikononi mwetu.

Wazazi nao wana sehemu yao. Swali la mama yule lilikuwa la haki, lakini halikufuta kosa la wiki tatu. Mtoto anayetolewa shuleni kila mavuno, au anayepelekwa kuchunga kila mvua zinapoanza, hata mwalimu malaika hatamfundisha. Na yule binti anayeachishwa masomo kwa ajili ya mahari ya ng’ombe, jambo hilo ni uhalifu mbele ya sheria na chukizo mbele ya Mungu. Hatutamtetea mzazi huyo hata kidogo.

7. TUFANYE NINI?

Malalamiko pekee hayajengi. Twawapendekezea mambo matano, ambayo jumuiya yoyote inaweza kuyatenda bila kungoja mfadhili.

Kwanza, tuhesabu. Wazazi wa jumuiya, kwa kushirikiana na kamati ya shule na kwa ridhaa ya mwalimu mkuu, waandike kwa mwezi mmoja ni vipindi vingapi vya kila somo vilivyopangwa, na vingapi vilivyofundishwa. Madaftari ya watoto wenu ni shahidi wa kutosha: yafungueni, mtazame tarehe. Hesabu hiyo isiwe ya kumvizia mwalimu. Yeye mwenyewe aombwe aeleze anachokikosa.

Pili, hesabu hiyo isomwe hadharani katika mkutano mkuu wa kijiji, iingizwe katika muhtasari, na ipelekwe kwa kamati ya maendeleo ya kata, kwa diwani na kwa afisa elimu wa wilaya, ikiwa na tarehe na sahihi. Maneno ya barazani hupeperuka na upepo wetu wa Singida. Karatasi yenye sahihi hudai majibu.

Tatu, tumtunze mwalimu aliyepo. Walimu wengi hukimbia vijijini mwetu kwa kukosa nyumba, maji na heshima. Kijiji kinachoweza kumfyatulia mgeni wa siasa jukwaa la siku moja, kinaweza kumfyatulia mwalimu tofali za nyumba ya miaka ishirini. Na wazazi wakikubaliana kwa hiari, bila kumlazimisha mtu, kumpa posho kijana msomi wa kijiji ajitolee kufundisha, na wafanye hivyo kwa kufuata taratibu. Lakini wasiache kudai mwalimu wa kudumu. Hisani isitumiwe kulifuta deni.

Nne, kila parokia ihakikishe kwamba kufikia mwanzo wa muhula ujao, kila shule iliyo ndani ya mipaka yake ina katekista au mlei aliyeandaliwa kwa ajili ya kipindi cha Dini, na kwamba Halmashauri ya Walei imetenga fungu lake katika bajeti. Parokia isiyoweza kufanya hivyo, na imwandikie mwalimu mkuu barua ya kweli, ikikiri kwamba haina mtu. Afadhali aibu ya kweli kuliko heshima ya uongo.

Tano, mzazi na amrudishe mtoto shuleni. Hatuwezi kudai mwalimu aingie katika darasa tulilolitupu wenyewe.

Mama yule alikwenda ofisi ya kata, akakiri kosa lake, na mtoto wake akarudi shuleni. Kabla hajaondoka kwangu nilimwahidi kwamba swali lake halitabaki katika ofisi yangu. Sasa limefika mikononi mwenu. Lipelekeni mbele, mpaka lifike kwa yule anayepaswa kulijibu.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika shule ya kijiji chetu, ni somo gani la lazima ambalo watoto wetu hawafundishwi kwa sababu hakuna mwalimu? Tumelijua jambo hilo kwa muda gani, na tumelisema wapi?

2. Ni nani kati yetu aliyelifungua daftari la mtoto wake wiki hii? Alikuta nini?

3. Nani anafundisha kipindi cha Dini katika shule iliyo karibu nasi? Jumuiya yetu inamsaidiaje?

4. Ni uongo gani mdogo ambao watoto wetu wanajifunza kutoka kwetu sisi wakubwa, nyumbani, shuleni na kanisani?